Mawe ya Mizani Kiunoni

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa gunia. Lilikuwa limetandazwa juu ya mizani, likaifunika kuanzia mkono wake hadi bamba la chini, kama mtu anavyofunika kochi siku ya kuhama nyumba. Mizani ile haikuwa na siku ya kupumzika. Mashine ya kusaga ilipoharibika, mizani ilipima. Umeme ulipokatika, mizani ilipima. Leo mashine inanguruma, foleni ya ndoo na madebe imefika mpaka nje, na mizani imefunikwa gunia tupu la pumba. Juu ya gunia baba yake ameweka kikombe chake cha chai.

Kimya alisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni. Hakushika kiuno kwa maringo. Alikuwa anazuia mkanda usiteleze.

Jina hilo la Kimya alipewa na mpakiaji, yule mtu mzima aliyebeba magunia pale mashineni. Tangu alipoanza kuja kuchukua pesa ya matunzo, akiwa bado anang'oka meno ya utoto, hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya shikamoo. "Kimya amefika," mpakiaji alikuwa akitangaza kila mwisho wa mwezi. "Zibeni masikio, asije akawapasua." Watu wa foleni walicheka, na Kimya akatazama vidole vyake vya miguu.

Kila mara baba yake alifuta mikono kwenye suruali, akambeba kwa makwapa na kumsimamisha juu ya mizani. Mizani ilikaa juu ya jukwaa la saruji ili maji ya mvua yasiifikie, kwa hiyo mtoto hakuweza kupanda mwenyewe. Baba alikisukuma kile chuma kidogo juu ya mkono wa mizani, taratibu, mpaka mkono ukaelea. Mpakiaji alitangaza kilo kwa sauti ya mnada. Halafu baba alimbeba tena akamshusha, na pesa ikaja baada ya hapo, imekunjwa kwenye kipande cha mfuko wa unga.

Wakati ule wa kushushwa, kila mwezi, neno moja lilimjia Kimya mdomoni. Alilimeza. Baba alinuka unga wa moto na jasho, mikono yake ilikuwa mizito, na hapakuwa na siku nyingine katika mwezi ambayo mikono ile ilimgusa. Hata alipokua na kuanza kupanda mwenyewe, baba aliendelea kumshika kiwiko wakati wa kushuka. Neno likaendelea kuja, naye akaendelea kulimeza, kama kidonge kisicho na maji.

Sasa baba alimwona, akamwita kwa kichwa mpaka pembeni, penye magunia, ambako ngurumo ya mashine ilipungua kidogo. Mfuko wa pesa ulikuwa tayari mkononi.

"Leo hupimwi," alisema. "Umeshakuwa mtu mzima."

Alimweleza kwamba ametimiza umri, kwamba karatasi ya ustawi wa jamii inasema hivyo, na kwamba yeye si mtu wa kubishana na karatasi. Hii ilikuwa ya mwisho. Alisema bila hasira, kama anayemwambia mteja kwamba unga wake umekwisha sagwa. Kimya aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Mkanda ukateleza kidogo, chuma kikagonga chuma chini ya gauni lake.

Baba yake aliinamisha kichwa, akakaribia sikio lake.

"Na hayo mawe, mrudishie mwenyewe. Mwambie nilikuwa nasikia."

Akarudi kwenye mashine. Mpakiaji hakutangaza kitu siku ile. Alikuwa ameshaambiwa.

*

Habari ya mawe ilianzia mbali.

Bibi, mama mzazi wa baba yake, aliuza nafaka sokoni karibu maisha yake yote. Alikuwa na mizani ya mkono na mawe yake ya chuma, meusi, mazito, na kwa mawe hayo alimlea mtoto wake wa pekee bila mume. Mtoto alikaa chini ya meza, akimpa mama jiwe analoitisha. Alijifunza kupima kabla ya kujifunza kuvaa viatu. Alipokuwa kijana na kutaka kufungua mashine ya kusaga, mama aliuza meza yake ya sokoni, kisha mizani, akamwongezea mtaji. Kilichobaki ni mawe tu, ndani ya kopo la maziwa, maana hakuna anayenunua mawe bila mizani.

Ndoa ya kijana ilipovunjika, mambo yalifika ustawi wa jamii, na kijana akampeleka mama yake awe shahidi. Hilo lilikuwa kosa lake. Alidhani mama mzazi hana upande mwingine wa kukaa. Bibi alisimama mbele ya watu wote, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Mwanangu anapiga. Nimeona kwa macho yangu. Huyu mtoto wa watu hana kosa."

Wanasema ofisini mlisikika feni tu. Kijana alimtazama mama yake kama mtu aliyekanyaga ubao wa kisima akaukuta umeoza. Tangu siku hiyo hakumwita tena mama. Akimtaja, alisema yule mwanamke. Bibi hakuwa na nyumba ya kurudi, akakunja mkeka wake akamfuata mkwewe. Majirani walicheka: mke ameachwa akaondoka na mama mkwe, kama aliyepewa mbuzi wa kifuta jasho. Bibi naye aliwajibu kwamba yule yeye alimzaa tu, lakini huyu ndiye aliyekuwa anampikia.

Kabla ya kutia sahihi ya matunzo, baba alitoa sharti lake. Pesa ni ya mtoto. Si ya mama wa mtoto, na si ya yule mwanamke. Mtoto atakuja mwenyewe mashineni kila mwezi, na atapimwa. Akipungua, itajulikana nani anakula. Afisa wa wakati ule alicheka, akadhani ni utani wa wasaga unga.

Kwa muda mambo yalikwenda. Mama alipata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni, bibi alipika, mtoto alisoma. Kisha miguu ya bibi ikaanza kuvimba, ikagoma kabisa. Ikabidi mtu abaki naye mchana, kumgeuza, kumpeleka chooni, kumpa maji. Mama hakuweza kuacha kufua. Kimya, ambaye darasani hata hivyo alikuwa hajibu, akatolewa shule akiwa darasa la tano. Baba hakuuliza. Katika miaka yote ile hakuwahi kuuliza yuko darasa la ngapi. Aliuliza kilo.

Na kilo zilishuka. Chakula cha mtu mmoja na nusu kililiwa na watatu, na dawa ya miguu ikala kilichobaki. Mwezi mmoja mkono wa mizani ulikataa kuelea pale ulipoelea mwezi uliopita. Baba alikisukuma nyuma kile chuma, akasukuma tena, akasema, "Rudi ukinenepa," na Kimya akarudi nyumbani mikono mitupu.

Bibi alilala na jambo hilo. Kulipokucha aliomba kopo la maziwa lililokuwa uvunguni. Alitoa mawe yake moja moja, akayafuta kwa kanga, na jiwe la nusu kilo akalishika muda mrefu. Lilikuwa limemeguka ukingoni. Mwanawe alilidondosha kwenye ngazi za soko alipokuwa mdogo. Bibi alimchapa siku hiyo, kisha akalia kwa sababu mtoto alilia.

Akashona mkanda wa kitambaa wenye vifuko, akaufunga kiunoni mwa mjukuu wake, akamvisha gauni juu.

"Mizani haina macho, mke mwenzangu," alimwambia. "Inaamini inachobebeshwa. Wewe tembea kama uliyeshiba."

Mama alikuwa mlangoni, akaona, akageuza uso.

Kuanzia hapo Kimya alinenepa kila mwezi. Mtoto akikua, bibi aliongeza jiwe. Mpakiaji alitangaza kilo na kumsifu mama yake kwa kumlisha. Kimya alirudi nyumbani akiwa na alama nyekundu kiunoni, na pesa.

*

Siku ile ya gunia, alipofika nyumbani, bibi alikuwa amelala ubavu kitandani. Kitanda kilikuwa kimenyanyuliwa kwa matofali ili iwe rahisi kumshusha. Pazia lilikigawa chumba, upande huu kitanda, upande ule jiko na ndoo. Kimya alifungua mkanda, akauweka juu ya shuka. Akasema alichoambiwa.

"Alisemaje?" bibi aliuliza. "Sema kama alivyosema yeye."

"Alisema, mwambie nilikuwa nasikia."

Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika juu ya matofali yake, mpaka machozi yakamtoka. "Si nilimfundisha mwenyewe! Yule! Anajua jiwe langu kwa mlio, kama wewe unavyojua kikohozi changu. Loo, tumemwibia mwizi!" Kisha kicheko kikakatika. Aliulaza mkono juu ya mkanda. "Alikuwa anasikia," alisema tena, polepole, kama anayeonja. "Miaka yote hiyo. Akanyamaza."

Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Kimya hakukipenda. Ulikuwa na furaha.

Mama hakucheka. Alirudi kutoka kufua, ngozi ya vidole vyake imebabuka kwa dawa ya mashuka, akasikiliza yote akiwa amesimama. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akamchukua Kimya mpaka ustawi wa jamii. Njiani alimfundisha la kusema. Aseme ameanza kujifunza ushonaji. Aseme anasoma masomo ya jioni. Asiinamishe uso.

Afisa wa sasa alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole. Alieleza kwamba matunzo yanakoma mtoto akishakuwa mtu mzima. Yanaendelea ikiwa bado yuko masomoni, au kama ana maradhi yanayomzuia kujitegemea. Mama alidakia haraka kwamba mtoto anasoma, anasoma sana. Afisa alimgeukia Kimya.

"Unasoma wapi, binti?"

Kimya alitazama mguu wa meza. Ulikuwa mfupi kuliko mingine, umewekewa karatasi iliyokunjwa. Alimwona mama yake akipumua. Alijaribu kulitafuta jina la shule, shule yoyote, na kilichokuja ni darasa la tano, dirisha lake lisilo na kioo, na mwalimu akisoma jina lake kwenye orodha na kukuta hakuna wa kuitika.

"Sisomi," alisema.

Afisa alivua miwani. Hakuwakaripia. Aliuliza nyumbani wako wangapi, na mama akamweleza habari ya bibi, mwanzo mpaka mwisho. Afisa akasema mlango upo, tena wa halali kabisa: mzazi mzee aliyeachwa bila msaada anaweza kumdai mwanawe. Lakini lazima alalamike mwenyewe. Hakuna anayeweza kulalamika kwa niaba yake maadamu mzee mwenyewe ana akili timamu.

Mama alitembea mbele njia nzima. Hakumsemesha Kimya mpaka walipofika mlangoni. Hapo alisema tu, "Neno moja la maisha yako, na ndilo hilo ulilochagua," akaingia.

Kwa bibi alitumia sauti nyingine. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu uliovimba. Alimwambia kwamba sheria inamruhusu, kwamba watakodi gari, kwamba atakaa kwenye kiti, atasema, na yatakwisha.

"Nilishasema mara moja katika ofisi ile," bibi alijibu. "Umeona nilichovuna."

"Mama, tutakula nini?"

"Nisikilize. Miaka yote alijua ninakula ya kwake. Angeweza kusema. Angeweza kunivua mawe yangu mbele ya watu. Hakusema. Alikuwa ananilisha, mwanangu, kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa wa mbele niliufunga mimi. Mtu wa hivyo nimshtaki? Mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi."

"Mkono wenyewe, mama," mama alisema, "ulikatwa zamani."

Bibi aligeukia ukuta.

Kimya alikuwa upande wa pili wa pazia, anachochea uji. Hakuwa msomi, lakini jambo hilo alilielewa. Baba alilipa kwa sababu karatasi ilimlazimisha. Karatasi ilipokoma, naye alikoma, siku ileile, hata chai yake haikupoa. Kunyamaza si kulisha. Alitaka kumwambia bibi hivyo. Alimtazama kupitia upenyo wa pazia, akaona alivyoukumbatia ule mkanda kifuani, akaendelea kuchochea.

*

Uji uliongezwa maji. Kisha ukaongezwa tena. Dawa ya miguu ilinunuliwa nusu, baadaye ikawa hainunuliwi. Kimya alitafuta kazi. Duka la nguo lilitaka mtu mchangamfu. Nyumba ya wageni ilitaka cheti cha kumaliza shule hata kwa kufua, mama aliingia zamani kabla ya masharti hayo. Mwisho mama mmoja mwenye mkahawa alimchukua kumenya viazi, siku za wateja wengi. Malipo yake yalikuwa chakula cha mchana na kidogo cha kubeba. Siku hizo bibi alibaki peke yake, kikombe cha uji karibu na mkono wake.

Bibi alianza kushiba upesi. Vijiko viwili, vitatu, akasukuma bakuli. "Nimeshiba," alisema. Akiulizwa, alitania kwamba yeye hana wa kumwonyesha kilo. Mama alichoka kubishana. Akishatoka kufua alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalala akiwa amekaa.

Siku moja Kimya alirudi mapema, viazi vimekwisha. Alikuta kikombe cha asubuhi kipo palepale, kimefunikwa kisahani. Uji ulikuwa umeganda, umefanya ngozi juu.

"Nilikuwekea," bibi alisema. "Wewe ndiye unayetoka."

Kimya alikwenda kwenye ndoo. Alichota maji ya kumwogesha. Aliinama kama kila siku, akaingiza mikono chini ya makwapa ya bibi, akajikaza, akainua. Akapepesuka nyuma hadi ukutani. Alikuwa amejikaza kwa uzito ambao haukuwepo, kama mtu anayenyanyua ndoo akidhani imejaa. Bibi alikuwa amening'inia mikononi mwake, anamtazama, aibu imemjaa.

"Usimwambie mama yako," alisema bibi.

Kimya alimwogesha. Alimvisha gauni safi na kanga yake nzuri. Kisha akatoka, akaenda kwa jirani muuza maji, akasimama mbele yake mpaka jirani akauliza anataka nini, naye akaonyesha mkokoteni kwa kidole.

Alitandika mkeka juu ya mkokoteni, akaweka mto. Alimwambia bibi wanakwenda kuota jua. Bibi alifurahi, akawasalimia majirani mmoja mmoja kama bibi harusi. Walipopita duka la mafuta ya taa, wakakata kulia, ngurumo ya mashine ikaanza kusikika kwa mbali.

"Hii njia naijua," bibi alisema.

Kimya alisukuma. Alingoja aambiwe ageuze. Bibi hakusema tena. Baada ya kitambo Kimya aliona mkono wake mkavu ukipanda kichwani, unajiweka vizuri kilemba.

*

Foleni ilikuwa ndefu. Watu walisogeza madebe yao kuupisha mkokoteni, wakidhani ni mzigo wa mahindi. Mpakiaji alimwona kwanza. "Kimya ame..." akaanza, akaona kilichokuwa juu ya mkeka. Alitua gunia lake chini.

Mizani haikuwa na gunia tena. Ilikuwa inafanya kazi.

Baba alikuwa ameinamia mashine, anakinga unga kwa mfuko mdomoni mwa mashine. Alipogeuka, nyusi zake nyeupe kwa unga, alimwona bintiye. Halafu akamwona mama yake. Hawakuwa wameonana tangu ofisi ile. Alibaki na mfuko mkononi, unga ukamwagika miguuni mwake mpaka mteja mmoja akapiga kelele. Akazima mashine.

Mkanda wa mashine ulizunguka peke yake, ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Nilishamaliza mimi," baba alisema. "Nani amekutuma?"

Katika maisha yake yote Kimya alikuwa akitumwa. Mama alimtuma, bibi alimfunga mkanda, karatasi ilimwita. Alisikia sauti yake ikitoka, ndogo, na kila mtu akaisikia kwa kuwa hapakuwa na kelele nyingine.

"Nimekuja mwenyewe." Akausogeza mkokoteni mbele. "Mpime."

Mtu mmoja kwenye foleni aliguna. Baba alisema wateja wanasubiri, kwamba hapa ni mahali pa kazi, kwamba mambo ya nyumbani yana ofisi yake. Hakuna aliyesogeza debe lake. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikaa juu ya ndoo yake, kama aliyekuja kwa hilo hasa. Mpakiaji alikwenda kwenye mkokoteni, akainama amnyanyue mama wa watu.

"Acha," baba alisema.

Alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya mkokoteni, hajui aanzie wapi. Bibi alimtazama kutoka chini.

"Unga umekujaa masikioni," alimwambia. "Tangu mdogo hukujua kuosha masikio."

Alimwinua. Kimya aliona. Aliona mwili wa baba ukijikaza kwa ajili ya mama anayemkumbuka, yule mnene aliyebeba magunia ya maharage kichwani, na aliona alivyopepesuka alipoukuta uzito ule haupo. Ilikuwa hatua moja tu ya kinyumenyume. Alimkalisha juu ya mizani, maana hakuweza kusimama, miguu yake iliyovimba ikaning'inia nje ya bamba.

Baba alishika kile chuma juu ya mkono wa mizani. Kilikuwa pale kilipoachwa na gunia la mwisho. Alikisukuma nyuma. Mkono haukuinuka. Akakisukuma tena, tena, kikatoa ule mlio wake mdogo kila kilipopita alama, na kila aliyekuwa kwenye foleni aliufahamu mlio huo kwa sababu kila siku walisikiliza mahindi yao yakipimwa. Kikaenda mpaka pale kinapowekwa kwa mzigo wa mtoto. Mkono ukaelea.

Walingoja mpakiaji atangaze. Mpakiaji alitazama ukutani.

"Soma basi," bibi alisema. "Au nilikufundisha kupima nikasahau kukufundisha kusoma?"

Baba hakusoma.

"Leo sina mawe. Nimeyaacha nyumbani. Hiyo ni haki yako, mteja." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamshika. Kilipomwachia alisema kwa sauti ya chini, si kwa ajili ya foleni, "Nilisikia kwamba ulikuwa unasikia, mwanangu. Nimeshukuru."

Kimya alimtazama baba yake usoni, jambo ambalo hakuwa amezoea. Alitaka kuona kama ni kweli, kama kulikuwa na mlango wa nyuma, au kama bibi alikuwa amejilisha mwenyewe maneno miezi yote hii kwa kukosa uji. Hakuweza kujua. Uso wa baba ulikuwa unga mtupu. Labda hata yeye mwenyewe hakujua.

"Watu wanasubiri," baba alisema.

Akainama. Akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mama yake, mwingine mgongoni, akamtoa juu ya mizani. Safari hii hakupepesuka, alishajua. Kichwa cha bibi kiliangukia begani kwake, kilemba kikachafuka unga. Akageuka kuuelekea mkokoteni. Zilikuwa hatua chache tu. Mpakiaji alikuwa tayari ameshika swichi ya mashine, foleni imeanza kuinua madebe, mto uko tayari juu ya mkeka, na baba akaanza kuinama.

Neno likamjia Kimya mdomoni. Lilelile la kila mwisho wa mwezi, tangu siku za kung'oka meno ya utoto, alilokuwa akilimeza juu ya jukwaa lile wakati mikono ile inamwachia. Siku zote lilikuwa lake mwenyewe. Leo alilitoa, akampa bibi.

"Usimshushe, baba," alisema.